Radhi na Shukrani katika Tungo za Pwani

Lawama moja huirudia fasihi ya Kiswahili kila kizazi kipya cha wasomaji kinapoingia madarasani. Yasemwa kwamba tungo zake zimezidi subira. Mji ukianguka, mshairi hushukuru. Mke akifa, mume hushukuru. Karani akihamishwa kituo bila kuulizwa, hufunga mizigo yake akashukuru. Msomaji kijana, aliyetoka kusoma habari za vita na siasa, huuliza kama shukrani ya namna hii si jina la heshima walilopewa watu walioshindwa. Swali hilo si utovu wa adabu. Tungo nyingi za pwani zilitungwa katika zama ambazo mtu mdogo hakuwa na la kufanya ila kupokea, na aliyemfunza kupokea mara nyingi ndiye aliyefaidi kwa kupokea kwake.

Haifai, basi, kuijibu lawama hiyo kwa kuisifu subira tena. Njia iliyo bora ni kuzifungua tungo zenyewe na kutazama anayeshukuru anashukuru nini. Zipo tatu zinazofaa kwa kipimo hiki: Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, Utendi wa Mwana Kupona, na zile tungo ambazo Shaaban Robert alizitunga juu ya maisha yake mwenyewe. Zimetengana kwa zaidi ya miaka mia, na lahaja zake si moja. Lakini zote zina chanzo kimoja, nacho ni kwamba kitu kilichokuwapo hakipo tena, na mtungaji amebaki na kalamu.

Kwanza yafaa maneno yatenganishwe, maana katika mazungumzo ya kila siku yamekwisha changanyika. Subira ni kuvumilia lisilopendeza mpaka lipite. Shukrani ni kukiri kwamba kitu kilipokewa. Radhi ni hali ya moyo usiomdai mwenzake: mzazi humpa mwana radhi, mume na mke hupeana, na anayekufa huacha radhi au huondoka nayo. Kukubali ni neno la peke yake. Asili yake katika Kiarabu ni moja na ile ya neno kibla, na ndani yake mna maana ya kuelekeza uso. Aliyekubali si lazima awe amependa. Ameacha tu kugeuza shingo. Lawama iliyotajwa hapo juu yaelekea kuyatia maneno yote manne katika kapu moja, kisha kulitupa kapu.

Al-Inkishafi ni utungo mfupi. Beti zake hazifiki themanini, kila ubeti una mistari minne, na kila mstari una mizani kumi. Mtungaji alikuwa mtu wa Pate, mji wa kisiwani karibu na Lamu, uliotajirika kwa biashara ya bahari hata ukadhoofishwa na fitina za ndani na vita na majirani. Yapata mwaka 1812 watu wa Pate, wakishirikiana na Wamazrui wa Mombasa, walishindwa na watu wa Lamu katika vita vya Shela, na tangu hapo nguvu ya mji haikurudi. Utungo huhesabiwa kuwa wa zama hizo za mwanzo wa karne ya 19. Ulipigwa chapa mwaka 1915 ndani ya kitabu cha Stigand juu ya lahaja za Kiswahili, na mwaka 1939 William Hichens akautoa katika kitabu chake peke yake. Kabla ya hapo uliishi katika hati za mkono na vinywani mwa watu.

Kwa maneno yake ya dhahiri utungo huu hauna shukrani kwa dunia hata chembe. Mshairi anaukemea moyo wake kwa kuipenda dunia isiyopendeka. Anaifananisha na mazigazi yanayomdanganya mwenye kiu, na vumbi linaloonekana katika mwali wa jua lakini halishikiki, na kisima ambacho pembeni yake yupo ng'ombe mwenye kupiga pembe, asimwache mtu anywe. Moyo ukisikia hayo yote wapaswa kuiacha dunia kama mtu aachavyo nguo iliyooza. Hivyo ndivyo utungo ulivyofundishwa kwa muda mrefu, na hivyo ndivyo wasomaji wengi wanavyoukumbuka: mahubiri mazuri dhidi ya anasa.

Lakini mahubiri hayahitaji kujua idadi ya vikombe. Mshairi anapofika kwenye nyumba za wakubwa wa Pate, kalamu yake inabadilika mwendo. Anazitaja taa, na hatosheki kusema taa. Anataka ijulikane zipi zilikuwa za kioo na zipi za shaba, na jinsi zilivyoufanya usiku uwe kama mchana. Anavitaja vyombo vya sini, akaongeza kwamba vilichaguliwa kimoja kimoja, na kwamba vikombe vilitiwa nakshi. Anaeleza vitanda, mito ya kichwani na ya miguuni, vipepeo na manukato. Kisha anageuka, na vitu vile vile vinarudi, kila kimoja mahali pake: madaka yaliyokuwa na sahani sasa yamelaliwa na makinda ya ndege, kwenye miti iliyotundikiwa nguo wamekaa wana wa ndege walao mizoga, katika kumbi za wageni hulia nyenje, ndani ya vyumba huvuma mende, na bundi analia katikati ya nyumba.

Mtu aliyeidharau nyumba hawezi kujua ni ndege gani ametaga katika daka lipi. Ujuzi huu ni wa aliyekulia humo, aliyeinua macho utotoni akaziona sahani zile ukutani, na aliyerudi akapita mlango hadi mlango. Hesabu yake haina kosa, na hesabu isiyo na kosa ni aina ya kukiri. Ulimi wasema dunia si kitu; orodha yasema tulipewa, na tulichopewa kilikuwa hiki na hiki. Shukrani ya Al-Inkishafi haikutamkwa popote, wala mtungaji mwenyewe huenda asingelikubali neno hilo. Imo katika usahihi wa macho yake.

Dalili nyingine iko mapema zaidi, katika beti za ufunguzi. Baada ya kumtukuza Mungu na kumsalia Mtume, mshairi anaeleza kazi atakayoifanya, naye anaieleza kama kazi ya sonara: atatunga lulu katika uzi, azipange vizuri, afanye kidani cha kuvaliwa. Ajabu ya jambo hili haijasemwa vya kutosha. Utungo unaokuja kuwafundisha watu waviache vidani unajitangaza wenyewe kuwa kidani. Yawezekana ni desturi tu ya malenga wa zamani, ambao waliita shairi lulu bila kufikiri sana. Lakini mtungaji huyu hakuwa mtu wa kusema bila kufikiri, na lulu ndiyo iliyokuwa kipimo cha utajiri katika nyumba zile zile anazozililia. Mji umekwenda na vito vyake. Kilichobaki ni mtu mwenye uzi mkononi, naye anatunga.

Pamoja na hayo, jicho hili halikuona kila kitu. Utungo huuliza wako wapi: wako wapi wakubwa wa Pate, wako wapi wenye elimu, wako wapi waliotembea kwa maringo wakiwa na watu mbele na nyuma. Swali ni zito, na jibu lake ni kaburi na mchanga. Lakini wale waliotembea mbele na nyuma hawaulizwi. Mikono iliyopepea imetajwa, wenye mikono hawakutajwa. Taa za shaba hazijing'arishi zenyewe, na katika miji ya pwani ya zama zile kazi ya namna hiyo ilikuwa ya watumwa. Kwa hiyo lawama ya msomaji kijana inapata mahali pa kusimama hapa, ingawa si pale ilipodhani. Kosa la Al-Inkishafi si kwamba inakubali mno. Kosa ni kwamba daftari yake ya vilivyopotea ina upande mmoja tu, ule wa waliokuwa navyo. Beti za mwisho, zinazohesabu moto na adhabu za Akhera, zinawasawazisha wote kwa mara moja. Lakini kule ni kusawazisha kwa hukumu, wala hakuna tena vikombe.

Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, tarehe 1 Januari 1909. Hakuzaliwa katika nyumba ya madaka ya sini. Alisoma Dar es Salaam, na mwaka 1926 akaingia kazi ya forodha, ambayo aliifanya mpaka mwaka 1944; baadaye alipelekwa Mpwapwa, akarudi Tanga kwa kazi nyingine za serikali ya Waingereza, na huko alifariki Juni 1962, miezi michache tu baada ya Uhuru wa Tanganyika. Maisha Yangu, kitabu chake cha habari zake mwenyewe, kilitoka mwaka 1949, kisha mwaka 1966 kikaunganishwa na sehemu ya pili, Baada ya Miaka Hamsini. Katika kitabu hicho lawama iliyotajwa mwanzoni hupata chakula kingi.

Mwendo wa nathari yake wajulikana. Jambo lililomfika husimuliwa kwa ufupi na kwa adabu. Baada yake huja hekima, na hekima hukaa muda mrefu kuliko jambo lenyewe. Msomaji anataka kujua chumba kilikuwaje, nani alisema nini, mizigo ilikuwa mingapi. Mwandishi amekwisha pita, yuko kwenye fadhila za uvumilivu. Mara nyingi shukrani inalipwa kabla bili haijasomwa. Ndiyo maana baadhi ya kurasa hizo, zenye lugha safi kabisa, huacha moyo baridi. Si kwa sababu mwandishi alikuwa mnyonge mbele ya wakubwa wake wa kazi, kama wengine walivyodai. Aliyeandika Kusadikika mwaka 1951, akamsimamisha Karama mbele ya baraza la nchi ile ajitetee kwa hoja, hakuwa mtu wa kunyamaza. Ni kwa sababu shukrani isiyotaja kitu haina mahali pa kushikia. Karani wa forodha ajua kwamba mzigo usioandikwa haukupita. Inashangaza kidogo kwamba mtu aliyefanya kazi hiyo miaka kumi na minane aliisahau kanuni yake alipoandika maisha yake.

Hakuisahau kila mahali. Alipoandika Wasifu wa Siti Binti Saad, maisha ya mtu mwingine yalimlazimisha kutaja. Mwimbaji huyo alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa, akauza vyungu vya udongo kabla hajauza sauti. Mwaka 1928 alivuka bahari kwenda Bombay kurekodi nyimbo zake kwenye sahani za santuri, na alifariki mwaka 1950. Maisha kama hayo hayakubali kufunikwa kwa methali. Yanadai chungu, yanadai chombo cha baharini, yanadai jina la kwanza na jina la pili. Aliposimangwa kwa sura yake na kwa asili yake, Siti hakukana. Alikubali kwamba hakuwa na uzuri wala ukoo wa kujivunia, akaonyesha alichokuwa nacho. Kuna kukubali kwa namna hiyo pia: kukubali kunakomwondolea mshindani silaha mkononi. Shaaban Robert alilitambua jambo hilo kwa mwingine upesi kuliko kwake mwenyewe.

Lakini lipo shairi moja ambamo alilitambua kwake, na shairi hilo latosha kumsimamisha pamoja na mtu wa Pate. Ni "Amina", alilomtungia mkewe aliyefariki. Ni fupi, na maneno yake ni ya kila siku. Mtoto wa shule hulisoma bila kamusi. Linaanza kwa mfano wa ua, mfano uliochakaa kwa kutumiwa, ila mshairi ameugeuza kidogo. Ua lake halinyauki wala halichumwi. Lilichanua, kisha likafumba. Kufumba ni tendo la ua lenyewe, na kunafuata kuchanua bila mtu wa kulaumiwa. Ndani ya mfano huo hamna mwizi. Mna wakati tu.

Baada ya hapo shairi lasema jambo gumu zaidi. Mume alikuwa ameomba dua mkewe ainuke katika ugonjwa. Hakutaka maradhi yamshinde. Dua hiyo ilikataliwa, na mshairi hafichi kwamba ilikataliwa. Ameieleza kwa nafsi yake, akataja alichokitaka. Kisha, katika ubeti ule ule, kifo kilichokuja kinyume cha dua kinawekwa chini ya neno rehema. Msomaji mwenye haraka ataona hapa subira ya kawaida: Mungu ametoa, Mungu ametwaa. Lakini mpangilio ndio wenye maana. Lau rehema ingalitajwa kwanza, matakwa ya mume yangalikuwa kama kosa linalosahihishwa. Yametajwa kwanza matakwa, yameachwa yasimame kwa urefu wake wote, kisha rehema imekuja ikasimama kando yake. Hakuna linaloliondoa lingine. Na beti zinazofuata zinathibitisha hivyo, maana huzuni haikupungua baada ya rehema kutajwa. Mshairi akumbuka hili na lile, na yaliyompata yanamwonekea kama ndoto.

Yapo pia yale maneno ya kufunga yanayorudi mwisho wa beti, yenye fundo la mapenzi ambalo hapana awezaye kulifungua. Kurudi kwake kuna kazi. Kila ubeti unasogea hatua moja mbele, kutoka kifo kwenda kumbukumbu, kutoka kumbukumbu kwenda matumaini ya roho isiyooza. Na kila unaposogea, fundo lile lile linauvuta nyuma pale ndoa ilipofungwa. Mabadiliko yote yamekubaliwa isipokuwa moja. Mshairi ameuelekeza uso wake kwenye kaburi, na mkono wake haujaachia. Ikiwa huko ndiko kushindwa, basi neno hilo lahitaji maana nyingine.

Kwa nini shairi hili lafaulu pale nathari ya Maisha Yangu ilipolegea? Si kwa sababu ya vina. Shaaban Robert alikuwa na vina vingi mno katika mashairi mengine ambayo hayakumbukwi leo. Ni kwa sababu hapa shukrani imepata jina la kuitia, nalo ni la mtu mmoja. Amina hakuwa "mke mwema" wa mfano. Alikuwa mgonjwa aliyeombewa ainuke, na hakuinuka.

Baada ya mama, watoto. Ndani ya Maisha Yangu mna tenzi mbili za wasia: Utenzi wa Adili, uliotungiwa mwana wa kiume, na Utenzi wa Hati, uliotungiwa binti, Mwanjaa. Ule wa pili unaanza kwa baba kumtaka binti aketi kitini aandike. Kila aliyesoma fasihi ya kaskazini huisikia mara moja sauti ya zamani nyuma ya sauti hii. Kiasi cha miaka tisini kabla yake, mwaka 1858, mwanamke mgonjwa huko visiwa vya Lamu alimwita binti yake asogee, akae, ashike wino na karatasi. Mwandishi wa Tanga aliijua njia aliyopita. Alichoongeza ni kiti, na kidogo hicho kinaeleza mabadiliko ya karne nzima: shule, ofisi, meza, na binti ambaye sasa kuandika kwake ni jambo lililotarajiwa.

Huyo wa kwanza ni Mwana Kupona binti Msham, aliyekuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, ambaye kwa miaka mingi aliipinga nguvu ya Sayyid Said wa Unguja. Utendi wake umesomwa sana, na umelaumiwa sana. Werner na Hichens walipoutoa mwaka 1934 waliupa kichwa cha habari juu ya wajibu wa mke, na tangu hapo haujatoka katika chumba hicho. Ni kweli kwamba mashauri yake ni mazito kwa masikio ya leo. Binti anaambiwa kwamba kiumbe ahitaji radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na, ya tano, ya mume. Anaambiwa mume akilala asimwamshe wala asipaze sauti, asiondoke karibu naye. Akiamka amwandalie chakula, amkande, amnyoe, amfukize udi. Amtunze kama mtoto ambaye hajui kusema.

Mhakiki anayeona hapa utii mtupu ana ushahidi wa kutosha, na hapana haja ya kubishana naye juu ya beti hizo. Ila mfano ule wa mtoto asiyejua kusema hauachi kuwasha. Mtu mkubwa, mpiganaji wa Siyu, katika macho ya mkewe amekuwa kitoto cha kufasiriwa haja zake. Aliyeandika hivyo alijua nani ndani ya nyumba ile alikuwa na akili za wote wawili. Lakini hilo ni la kando.

La msingi liko katika beti chache ambamo mashauri yanasimama, na Mwana Kupona anasimulia ndoa yake mwenyewe. Waliishi bila kugombana. Siku ya faradhi ilipofika, mume alimkariria radhi. Alishukuru, akamkabidhi Mungu mambo, na moyo wa mke ukafurahi. Kwa msomaji wa juu juu, hadithi imekwisha hapo, na imekwisha vizuri: mume amekufa radhi, mjane ametulia. Utendi, hata hivyo, unaendelea kwa ubeti mmoja zaidi, na ubeti huo ndio kipimo cha vingine vyote. Mjane asema kwamba tangu siku ile mpaka leo hajanyamaza kulia kila akumbukapo furaha zao na wingi wa mazoea yao.

Mazoea: neno dogo la kushangaza mahali hapo. Katika utungo wa kifo cha mtawala mtu angetarajia fahari, ukarimu, ushujaa, mambo ambayo tenzi za kaskazini zina hazina kubwa ya maneno yake. Mwana Kupona amechagua mazoea, yaani yale ambayo watu wawili hawayaoni mpaka mmoja aondoke. Na neno hilo, likisomwa kisha mtu akarudi nyuma kwenye orodha ya mashauri, linaibadilisha orodha. Kupepea, kukanda, kunyoa ndevu, kufukiza udi, kukaa karibu na aliyelala: haya ndiyo mazoea yenyewe. Binti amefikiri anafundishwa kazi za mke, na huenda ndivyo. Lakini mama amekuwa pia akihesabu, kitu kimoja kimoja, kile alichokipoteza. Ni daftari ile ile ya mtu wa Pate, ila safari hii anayeiandika ndiye yule ambaye mikono yake ilipepea. Upande uliokosekana katika Al-Inkishafi umeandikwa hapa, walau kwa sehemu, maana Mwana Kupona naye alikuwa mwanamke wa jumba kubwa, na wajakazi wake hawana ubeti wa kilio chao.

Radhi yake, basi, haikukausha machozi. Alipewa shukrani na mtu aliyekuwa anakufa, akaipokea kwa furaha, akaendelea kulia kwa miaka, naye hakuona kinyume chochote kati ya mambo hayo cha kumtaka aeleze. Mhakiki wa zama hizi hutafuta kuyapatanisha. Utendi umeyaweka tu mstari kwa mstari.

Wala kukubali hakukumfanya aache kuomba. Sehemu kubwa ya mwisho wa utendi ni dua, na dua hizo si za mtu aliyekwisha kata tamaa ya dunia. Anawaombea watoto wake na ndugu zake. Anajiombea mwenyewe aponywe ugonjwa ambao, kwa maneno yake ya mwanzo, ulikuwa umemshika mwaka mzima. Jina lake lenyewe lina kupona ndani yake. Alifariki mnamo mwaka 1860, na wasia ulikuwa umekwisha andikwa, uko mikononi mwa binti yake, Mwana Hashima.